Filamu za Hali Halisi Kuhusu Kashfa za Ngono za Wanasiasa na Biashara ya Mwili wa Mwanamke: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapomaliza kuonyesha filamu katika ukumbi wetu mdogo wa Kisenyi, Kampala, taa zikiwashwa maswali huwa ni yaleyale. Huuliza madereva wa malori waliotoka Malaba, wanafunzi, akina mama wa Kikongo wanaouza vitenge, Wanubi waliokuja kwa takisi kutoka Bombo. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi zaidi. Majibu ni yangu, na pale ninapotoa maoni nitasema ni maoni.

## Mambo ya msingi

Filamu ya hali halisi ni kitu gani? Si ni taarifa ya habari iliyorefushwa?

Ni filamu ya watu wa kweli na mambo yaliyotokea, lakini imesukwa na mtu mwenye neno la kusema. Mwandishi wa habari za jioni hupewa dakika mbili. Mwongozaji wa filamu anaweza kukaa na kisa kimoja miaka miwili, akamrudia shahidi mara ya tatu na ya nne, hadi shahidi aseme kile alichokiogopa siku ya kwanza.

Udaku nao ni kitu kingine. Udaku unatosheka ukipata jina na picha. Filamu ikifanywa vizuri haitosheki hapo: inataka kujua nani alilipa, nani alijua akanyamaza, na asubuhi yake nani aliamka hana kazi.

"Kumgeuza mwanamke bidhaa" maana yake nini hasa? Maneno haya yanatumika ovyo.

Ni kweli yanatumika ovyo. Mimi huanza na gunia la mahindi, maana hapa Kisenyi tunaishi katikati ya mashine za kusaga. Gunia lina daraja na lina bei. Likipasuka, linaletwa jingine. Na hakuna anayeliuliza linataka kwenda kwa nani. Mwanamke akishughulikiwa hivyo, awe amelipwa au hakulipwa, awe anacheka au analia, amegeuzwa bidhaa.

Mifano ya filamu inasaidia kuliko maelezo. *Client 9*, ya Alex Gibney (2010), inasimulia kuanguka kwa Eliot Spitzer, gavana wa New York aliyejiuzulu Machi 2008 baada ya kugundulika kuwa mteja wa danguro la watu wenye fedha. Wanawake wa kampuni ile walikuwa wamepangwa kwa alama za almasi, kutoka moja hadi saba, na bei ilipanda kadiri almasi zilivyoongezeka. Ni upangaji uleule wa mahindi kwa madaraja. Kule Italia, Lorella Zanardo alikusanya vipande vya vipindi vya kawaida vya televisheni akatengeneza filamu ya dakika 25, *Il corpo delle donne* (2009). Humo kuna msichana aliyening'inizwa kati ya mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, akapigwa muhuri kama nyama iliyokaguliwa. Watazamaji wa studioni wanacheka. Kipande hicho hakikurekodiwa kwa siri, kilirushwa hewani.

Wala si mambo ya ng'ambo peke yake. Februari 2019 waziri wetu mdogo wa utalii wakati huo, Godfrey Kiwanda, alizindua shindano la wanawake wenye maumbo manene na kusema maumbo hayo yatumike kuvutia watalii. Yaani sokwe, maporomoko ya maji, na makalio ya dada zetu, vyote katika orodha moja. Wanawake walipinga kwa sauti kubwa, na hata waziri wa maadili, marehemu Padri Simon Lokodo, hakukubaliana na mwenzake. Hakuna kilichofichwa hapo, na hakuna aliyefumaniwa. Lakini ukinitaka nieleze maana ya bidhaa kwa Mganda, naanza na siku ile.

Haya si mambo ya chumbani? Kwa nini tuingilie ya watu wazima wawili?

Ya chumbani yaachwe chumbani, nakubali. Yanatoka chumbani pale panapoingia kitu cha umma: mshahara unaotokana na kodi, cheo, kazi, polisi, gari la serikali, au uongo uliosemwa kwa wananchi. Spitzer alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo lake kabla ya kuwa gavana, na katika kazi hiyo alishtaki watu wa mitandao ya ukahaba. Aliyekuwa akifunga wengine kwa jambo fulani hawezi kusema jambo hilo ni siri yake.

Kwa hiyo ukiitazama filamu, jiulize kama ukiondoa kitanda kinabaki kisa. Kama hakuna kinachobaki, hiyo ni udaku wenye muziki mzuri.

Kuna tofauti gani kati ya kashfa ya ngono, rushwa ya ngono na "kashfa ya mapenzi"?

Kubwa sana, na vyombo vya habari huichafua kila wiki. Kashfa ya ngono ni jina la jumla la aibu iliyotoka hadharani. Rushwa ya ngono ni pale mwenye mamlaka anapodai mwili ili atoe kitu ambacho ni haki ya mtu au ni kazi yake kukitoa: alama za mtihani, ajira, cheo, tiketi ya chama. "Kashfa ya mapenzi" ni maneno ya kupakia sukari. Mhadhiri akimtisha mwanafunzi, mapenzi yako wapi?

Filamu bora juu ya rushwa ya ngono katika bara letu ni *Sex for Grades* ya BBC Africa Eye, iliyotoka Oktoba 2019. Mwandishi Kiki Mordi na wenzake waliingia na kamera za siri katika vyuo vikuu vya Lagos na Ghana. Baada ya kutoka, wahadhiri walisimamishwa kazi, na bunge la Nigeria likarudisha mezani mswada wa kuzuia unyanyasaji vyuoni. Tulipoionyesha hapa, msichana mmoja wa nyuma alisema, "Badilisheni bendera tu." Alikuwa na sababu. Makerere yenyewe iliunda kamati mwaka 2018 kuchunguza unyanyasaji wa kingono, chini ya Profesa Sylvia Tamale.

## Filamu zenyewe

Nianze na ipi?

Anza na *Il corpo delle donne*. Ni fupi, iko intaneti bila malipo, na baada yake hutaitazama televisheni ya nyumbani kwa macho uliyokuwa nayo. Kisha *Sex for Grades*, nayo ya bure. Ukizoea, ingia *Anita* ya Freida Mock (2013), kuhusu Anita Hill, profesa wa sheria aliyesimama mbele ya kamati ya seneti ya Marekani Oktoba 1991 akaeleza alivyosumbuliwa na bosi wake wa zamani, Clarence Thomas. Wajumbe wote 14 walikuwa wanaume wa Kizungu. Walimfanya arudie maneno ya aibu mbele ya nchi nzima, kana kwamba mchafu ni msimuliaji. Thomas alipitishwa kwa kura 52 dhidi ya 48, na hadi leo ni jaji wa mahakama ya juu.

*Weiner* (nitaieleza hapa chini) na *Client 9* ziache za baadaye. Zinapendeza mno, na kupendeza kwake ndiko kunakohitaji tahadhari.

Kwa nini Italia inatajwa sana?

Kwa sababu kule mwenye televisheni na mwenye serikali walikuwa mtu mmoja. Silvio Berlusconi alimiliki vituo vikuu vya binafsi, akawa waziri mkuu mara kadhaa kati ya 1994 na 2011. Kwa hiyo mwanamke aliyepambwa kusimama kimya karibu na mtangazaji, na mwanamke aliyealikwa kwenye karamu za waziri mkuu, walitoka mlango mmoja. *Videocracy* ya Erik Gandini (2009) inaonyesha mlango huo: vijana waliopanga foleni, mawakala, wapiga picha wanaouza sura za watu. Vituo vikubwa vya Italia, cha taifa na vya Berlusconi, vilikataa kurusha tangazo la filamu hiyo.

Kesi iliyojulikana kwa jina la Ruby, ya tuhuma za kulipia ngono na msichana wa chini ya miaka 18, ilimpa Berlusconi hukumu ya miaka 7 mwaka 2013. Rufaa ikamwachilia 2014, na mahakama ya juu ikathibitisha 2015. Nayataja yote mawili kwa sababu watu hukumbuka hukumu wakasahau rufaa. Mbele ya sheria aliachiliwa. Swali la filamu zile, yaani namna nchi ilivyofundishwa kumtazama mwanamke, halikuwa mbele ya jaji yeyote.

Mbona zote ni za Wazungu? Sisi hatuna kashfa?

Tunazo, na moja ni kubwa kuliko nyingi za kwao kwa sababu ilitungwa na Ikulu. Elizabeth Bagaya, binti mfalme wa Toro, mwanasheria, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Idi Amin mwaka 1974. Novemba mwaka huohuo Amin alimfukuza kazi na kutangaza kwamba alifanya ngono na Mzungu katika choo cha uwanja wa ndege wa Paris. Picha ya uchi ya kughushi ikachapishwa ikidaiwa kuwa yake. Mwanzoni mwa 1975 alitoroka kupitia Kenya. Baadaye aliyashtaki magazeti ya nje yaliyourudia uongo ule, akashinda.

Tafakari jambo hilo taratibu. Mwanamke aliyeisemea nchi Umoja wa Mataifa alishushwa kwa sentensi moja kuhusu choo. Amin hakuhitaji kumshtaki kwa uzembe wala wizi. Alijua kwamba kwa mwanamke mwenye cheo, kashfa ya ngono haihitaji ushahidi. Utawala huohuo ndio uliopiga marufuku sketi fupi mwaka 1972.

Wazee wetu husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naipenda methali hiyo, ila kwa Bagaya lilisemwa, halikuwapo, wala halikuja. Natamani kijana wa Uganda mwenye kamera akichukue kisa hiki wangali hai waliokishuhudia.

Kuhusu biashara yenyewe ya miili, tazama uchunguzi wa BBC Africa Eye wa mwaka 2025 kuhusu wasichana wa Uganda waliopelekwa Dubai. Mtu aliyerekodiwa kwa siri anataja bei ya kuanzia, dola 1,000, kwa wasichana wa karamu. Yeye mwenyewe aliyakana madai. Hakuna mwanasiasa katikati ya picha hiyo. Lakini umaskini unaomtoa msichana Kampala kwa ahadi ya kazi ya dukani una sera nyuma yake, na sera ni siasa.

Kwa nini mwanasiasa akubali kurekodiwa wakati anajua ana siri?

Kwa sababu anaamini kamera itamtii. Anthony Weiner alijiuzulu bunge la Marekani 2011 kwa kutuma picha zake chafu, kisha 2013 akagombea umeya wa New York akiwa na watengenezaji filamu ndani ya ofisi na nyumba yake. Alitaka wamrekodi akifufuka. Katikati ya kampeni picha na ujumbe mpya vikatoka, na kamera haikuzimwa. Alipata chini ya asilimia 5 ya kura. Filamu, *Weiner* (2016), ilishinda tuzo kubwa ya Sundance.

Amin naye alimruhusu Barbet Schroeder amrekodi mwaka 1974, mwaka uleule wa Bagaya, akidhani anajitengenezea sifa. Sehemu zilizomuudhi alilazimisha zikatwe kwa kuwashika Wafaransa waliokuwa Uganda. Weiner hakuwa na jeshi, ndiyo tofauti.

Na mke? Katika filamu hizi mke huwa wapi?

Husimama pembeni, mikono ameikunja. Katika *Weiner*, Huma Abedin, mke wake na msaidizi wa Hillary Clinton, hasemi mengi, lakini kamera haimwachi. Watazamaji wetu wanawake humtazama yeye filamu nzima. Wanaume humtazama Weiner. Tuligundua hivyo kwa kuuliza tu, "Ulimwona nani?" Siku hizi hilo ndilo swali letu la kwanza taa zikiwaka, filamu yoyote iwayo.

## Sheria na mazingira ya Uganda

Ni halali kuonyesha filamu kama hizi hapa?

Filamu ya hali halisi kuhusu kashfa si picha ya ngono, na katiba ya 1995 inalinda uhuru wa kujieleza katika ibara ya 29. Lakini filamu za kuonyeshwa hadharani zinakaguliwa na kupangwa kwa madaraja, na Baraza la Vyombo vya Habari lina historia ya kukataza: Februari 2005 lilizuia mchezo wa jukwaani uliozungumzia mwili wa mwanamke kwa jina lake, *The Vagina Monologues*. Waulize kabla hujabandika tangazo. Sisi tulijifunza hivyo baada ya kukodi viti 80 na kuvirudisha.

Ile sheria ya "sketi fupi" bado ipo?

Sheria ya kupinga ponografia ilitiwa saini Februari 2014. Haikutaja sketi, lakini ilieleza ponografia kwa upana wa kutisha, na mitaani ikasomwa kwa njia moja: wanawake walivuliwa nguo na makundi ya wanaume mchana kweupe. Mwaka huohuo picha za faragha za mwanamuziki mmoja zilipovujishwa, waziri wa maadili alitaka akamatwe yeye mwenye picha. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya msingi vya sheria hiyo, kikiwamo kile cha maana ya ponografia.

Kuna hatari ya kushtakiwa nikitengeneza filamu inayomtaja kiongozi?

Ipo, usijidanganye. Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi alilomwandikia rais kwenye Facebook, akatoka Februari 2020 baada ya rufaa. Marekebisho ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, yaliyosainiwa Oktoba 2022, yaligusa hata kumrekodi mtu kwa sauti au video bila idhini na kusambaza habari zake. Kifungu kama hicho kinaweza kumlinda msichana anayetishwa na mpenzi wa zamani. Kinaweza pia kumfunga mwandishi mwenye kamera ya siri, kama wale wa *Sex for Grades*. Kwa hiyo pata mwanasheria mwanzoni, kabla ya kurekodi, wala si siku ya kuitwa polisi. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, kipo tangu 1974 na kinayajua mambo haya.

Nitazipataje bila kumaliza bando?

Za BBC Africa Eye ziko YouTube. Zipakue usiku kwa ubora wa chini. Tangu Julai 2021 bando linakatwa kodi ya asilimia 12, kwa hiyo watu wanne wakichangia kupakua mara moja na kugawana kwa flashi ni busara. *Weiner*, *Client 9* na *Anita* ni za kununua au kukodi.

## Kutazama kwa pamoja

Kwa nini hamtumii VJ, yule anayetafsiri filamu papo hapo kwa kipaza sauti, kama vibanda vingine?

Tulijaribu mara moja. VJ tuliyemwalika ni fundi kweli, na nampenda katika filamu za ngumi. Lakini yule mwanamke katika filamu alipoanza kueleza alivyofungiwa mlango, VJ aliona kimya kimekuwa kirefu, akatia utani juu ya mavazi yake. Ukumbi ukacheka. Mama mmoja wa safu ya pili akainuka akatoka, na hajarudi tena.

Kosa halikuwa la VJ, lilikuwa letu. Kazi yake ni kutoacha kimya, na filamu hizi zinaishi katika kimya. Sasa tunaandika tafsiri ya Kiswahili mapema, inasomwa na watu wawili, mwanamke kwa sauti za wanawake na mwanamume kwa za wanaume, bila nyongeza. Inachukua wiki mbili kwa filamu ya saa moja na nusu. Neno linalotutesa zaidi ni "malaya". Kiingereza kina maneno matano kwa daraja tofauti za dharau, na msomaji mvivu huyatafsiri yote kwa hilo moja. Tunaandika "mwanamke anayeuza ngono" pale msemaji alipozungumza bila dharau, na tunaliacha "malaya" pale dharau ilikuwa ya msemaji mwenyewe, ili ukumbi uisikie.

Watoto waingie?

Chini ya miaka 18, hapana.

Wanaume na wanawake wakae pamoja kwenye mjadala?

Filamu wote pamoja. Mjadala, nusu saa ya kwanza kila upande peke yake, kisha tunakutana. Tulipoanza pamoja wanaume walisema na wanawake waliwasikiliza wanaume. Wengine wametulaumu kwamba tunagawa watu. Tumeona wanawake wakirudi kutoka kwenye duara lao wakiwa na sentensi zilizokwisha kuundwa, hawanyang'anywi tena.

## Maswali magumu

Je, filamu yenyewe haimuuzi mwanamke mara ya pili?

Mara nyingi inamuuza. Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote hapa, na sina jibu la mkato.

Angalia mabango. Angalia ni mara ngapi kamera inarudi kwenye miguu ya mwanamke ambaye msimulizi anasema alidhulumiwa. Mwongozaji huhitaji mtazamaji asiondoke, na njia rahisi ya kumshika ni ileile iliyotumiwa na danguro. Katika *Client 9*, mwanamke aliyekutana na Spitzer mara nyingi zaidi alikataa kuonekana, basi maneno yake yakasomwa na mwigizaji. Naona ulikuwa uamuzi mzuri: tulipata alichosema, hatukupata uso wake. Lakini filamu hiyohiyo inapambwa kwa picha za taa za usiku na mabega wazi ambazo hazisemi lolote isipokuwa "endelea kutazama".

*Weiner* ina shida nyingine. Ukumbi wetu ulicheka sana, filamu imetengenezwa uicheke. Kisha nikawaeleza ambacho hakimo, kwa sababu kilitokea baadaye: mwaka 2017 Weiner alikiri kumtumia picha chafu binti wa miaka 15, akahukumiwa miezi 21. Kicheko kilikatika. Mzee mmoja akasema, "Basi tulikuwa tunamcheka nani?"

Kipimo changu ni kuhesabu. Chukua saa, hesabu dakika ambazo mwanamke anasema kwa sentensi zake, na dakika ambazo anaonyeshwa huku mtu mwingine akisema. Si kipimo cha kisayansi, ila hakijanidanganya bado.

Kila picha ya mwanamke aliye uchi ni kumgeuza bidhaa?

La. Aprili 2015 huko Apaa, wilaya ya Amuru, kina mama wa Kiacholi walivua nguo mbele ya mawaziri waliokuja kwa suala la mipaka ya ardhi. Kwa Waacholi, mama mzee akikuvulia nguo kwa hasira amekulaani. Uchi ule ulikuwa amri. Waliotakiwa kuona aibu ni waliotazama.

Ila tazama kamera inavyoweza kuibadilisha. Picha zilezile zikikatwa kichwa na maelezo, zikapachikwa kwenye ukurasa wa vichekesho, laana imekuwa bidhaa. Mtu wa kwanza kuulizwa ni aliyekata picha. Watu huniambia mficha uchi hazai, ili nikubali kuonyesha kila kitu. Methali hiyo inamwambia mwenye uchi afunue shida yake apate msaada. Haimpi ruhusa jirani afunue.

Kamera inaweza kumlinda mwanamke pia?

Ndiyo. Aprili 2012, Ingrid Turinawe wa chama cha upinzani cha FDC alipokuwa akikamatwa Kampala, mkono wa askari ulimminya titi, na kamera za televisheni zilikuwapo. Bila picha ile angeambiwa anazua. Siku chache baadaye wanawake walikwenda kituo kikuu cha polisi wakiwa wamebaki na sidiria, kupinga. Picha ilimdhalilisha na ilimshuhudia kwa wakati mmoja. Yeye mwenyewe alilizungumza hadharani, na hilo ndilo linalonipa ujasiri wa kulitaja hapa. Wako wengine waliotendewa vibaya zaidi mbele ya kamera ambao sitawataja.

Na kama mwanamke alikubali, akalipwa, na hajutii?

Basi hajutii, na si kazi ya filamu kumlazimisha alie. Waongozaji wengi wana mahali pawili tu pa kumweka mwanamke, mwathirika au mjanja wa mjini, na asiyeenea popote hukatwa. Lakini kukubali kwake hakufuti swali kuhusu mnunuzi. Muuza ndizi naye amekubali kuuza. Bado tunauliza aliyenunua alitoa wapi fedha, kama ni za umma.

Nina video ya mheshimiwa kwenye simu yangu. Mtaionyesha?

Hatutaionyesha, na tafadhali usitutumie. Huletwa video ya namna hii karibu kila uchaguzi. Uliza kwanza nani aliivujisha na kwa nini wiki hii. Rudi kwa kisa cha Bagaya hapo juu, ambapo hata picha ilikuwa ya kughushi, miaka 50 kabla ya programu za leo za kubandika sura za watu. Kama ndani yake kuna rushwa ya ngono au mtoto, peleka kwa mwanasheria au polisi ukiwa na shahidi, bila kuisambaza. Kwa watoto kuna Sauti, namba 116, bila malipo.

Mimi ndiye niliye kwenye video. Nifanye nini?

Dada yangu, kwanza usifute ujumbe wa vitisho. Piga picha ya skrini penye tarehe na namba ya aliyetuma. Usilipe, anayelipa mara moja huombwa tena. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, usibaki nayo peke yako usiku. Ripoti video kwenye mtandao wenyewe iondolewe. Kisha tafuta mwanasheria mwanamke, ukumbuke kwamba tangu hukumu ya 2021 (tazama swali la sketi fupi) hali ya kisheria si ile ya kumwinda mwenye picha.

Na ukumbini kwetu mlango uko wazi. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa umevaa nini.

Nilimrekodi mama mmoja miaka mingi iliyopita kwa idhini yake. Sasa ana wajukuu, anataka atolewe kwenye filamu. Ana haki?

Karatasi aliyosaini pengine inasema hana. Mimi ningemtoa. Idhini ya mtu mwenye njaa ya siku ile, kwa kamera aliyoiona mara ya kwanza, haifanani na idhini ya mtu aliyekwisha kuona filamu ikizunguka simu za mtaa mzima. Nenda kwake, si kwa simu, nenda nyumbani. Mwonyeshe kipande chake chote, na umuulize kama kuficha uso na kubadilisha sauti kunatosha. Akisema hakutoshi, kata. Filamu itabaki na pengo, na unaweza kuweka skrini nyeusi kwa urefu wa sekunde alizokuwa akizungumza. Niliwahi kuona pengo la namna hiyo, sekunde 40 za giza, na ukumbi mzima ulikaa kimya hadi likaisha.